Idi Amin: Aliyependa magari, akafukuza mafundi na wauza spea

NDULI Idi Amin anakumbukwa mkoani Kagera kwa mabomu, kwa ng'ombe walioswagwa kuvuka mpaka na kwa daraja la Kyaka lililolipuliwa. Ni wachache wanaomkumbuka kwa jambo jingine ambalo aliyeishi Kampala miaka ya 1970 alilijua vizuri. Mtu yule alikuwa mpenzi mkubwa wa magari. Alipenda kushika usukani mwenyewe, alipenda mwendo wa kasi, na alipenda magari ambayo watu wengine hawana.

Habari hiyo ina faida kwa mkulima wa Ngenge anayetafuta pikapu ya kubebea maharage na ndizi, na kwa mwenye duka la spea Muleba au Bukoba. Gari halitembei kwa injini peke yake. Nyuma yake yupo fundi, yupo muuza spea, yupo anayeleta mafuta na yupo mfanyabiashara anayekopesha kwa kuaminiana. Amin alipata karibu kila gari alilolitaka. Vilivyobaki, yaani fundi, duka na imani, alivivunja kwa mkono wake mwenyewe, na hasara yake ikafika hadi kwetu.

Kutoka jikoni hadi Ikulu

Amin alizaliwa katikati ya miaka ya 1920 katika kabila la Wakakwa, watu wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Shule aliipata kidogo sana. Mwaka 1946 aliingia jeshi la kikoloni la King's African Rifles, maarufu kwetu kama KAR, akianzia kazi za jikoni. Alikuwa na mwili mkubwa na nguvu nyingi, akawa bingwa wa ngumi wa Uganda kwa karibu miaka tisa. Waingereza walimpenda kwa utiifu wake, wakampandisha cheo hadi akawa mmoja wa raia wawili wa kwanza wa Uganda kupewa uofisa, mwaka 1961.

Baada ya uhuru wa Uganda mwaka 1962 alipanda haraka chini ya Milton Obote. Mwaka 1966 Bunge la Uganda lilijadili tuhuma za dhahabu, kahawa na pembe za ndovu kutoka Kongo, na jina la Amin lilikuwa katikati ya tuhuma hizo. Badala ya kuwajibishwa alipandishwa, na mwaka huohuo ndiye aliyeongoza mashambulizi dhidi ya kasri la Kabaka Mutesa kule Mengo.

Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin alitwaa madaraka. Siku zilizofuata wananchi walimwona akizunguka Kampala ndani ya jeep ya wazi, akiendesha mwenyewe na kuwapungia watu mkono. Wengi walishangilia. Rais asiyekaa kiti cha nyuma nyuma ya pazia alionekana kuwa mtu wa watu. Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua, akampokea Obote Dar es Salaam.

Siku 90 zilizoua gereji

Mwanzoni mwa Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza na wa nchi nyingine waondoke Uganda katika siku 90. Wengi waliokuwa na uraia wa Uganda nao walijikuta wameondolewa. Watu zaidi ya 50,000 waliondoka wakiwa na mizigo michache na fedha kidogo tu. Waliacha nyumba, maduka, viwanda, mashamba ya miwa na chai, na magari yao. Amin aliita hatua hiyo vita vya uchumi.

Kwa mfanyabiashara mdogo jambo hilo lilionekana kuwa neema. Malalamiko ya Waafrika kwamba biashara ilishikwa na watu wachache yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini maduka hayakugawiwa kwa waliokuwa wakijifunza kazi ndani yake. Yalikwenda zaidi kwa wanajeshi na marafiki wa wakubwa. Mitaani wakapewa jina la mafuta mingi, yaani watu walionenepa ghafla kwa mali wasiyoichuma. Waganda bado wanasimulia jinsi baadhi yao walivyouza mashati kwa kusoma namba ya ukubwa wa kola wakidhani ndiyo bei. Stoo ilipokwisha hawakujua bidhaa iliagizwa wapi, kwa masharti gani, wala nani alikuwa akikopesha.

Gereji ndizo zilizoumia mapema. Sehemu kubwa ya biashara ya magari Kampala, Jinja na Mbale ilikuwa mikononi mwa Waasia na makampuni ya Kiingereza, ambayo nayo yalianza kutaifishwa mwishoni mwa mwaka huohuo. Anayeuza spea anajua namba ya beringi kwa kichwa, anajua ipi ya 404 inaingia kwenye gari jingine, na anajua amwandikie nani barua Ulaya au Japani ili mzigo uje kwa mkopo. Ujuzi huo haukai kwenye rafu za duka. Ulipanda ndege ukaondoka. Baada ya muda mfupi magari mengi yaliegeshwa juu ya mawe kwa kukosa vitu vidogo kama mkanda wa feni, plagi au brake.

Mfano mmoja unatosha. Familia ya Mehta ilikuwa na shamba kubwa la miwa na kiwanda cha sukari Lugazi. Kijana wao Shekhar Mehta alikuwa dereva hodari wa mashindano, na mwaka 1971 alikuwa wa pili katika mbio za East African Safari. Mwaka 1972 familia ilihamia Kenya. Mwaka uliofuata Mehta alishinda Safari akiwa na Datsun 240Z, kisha akashinda tena mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ushindi huo wa mara tano ni rekodi kubwa katika historia ya mbio hizo. Rais aliyependa mashindano ya magari ndiye aliyemkosesha Uganda dereva wake bora.

Citroën SM, gari la kifahari lisilo na fundi

Mwaka 1975 ulikuwa mwaka wa fahari kwa Amin. Alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), na mkutano wa wakuu wa nchi ulifanyika Kampala. Magari ya Mercedes-Benz yaliagizwa kwa ajili ya wageni wakati nchi haina sukari wala sabuni. Katika sherehe hizo yaliandaliwa pia mashindano ya magari, na Amin aliingia mwenyewe akiwa dereva, pembeni yake Sarah, ambaye alimuoa siku hizohizo. Gari alilochagua lilikuwa Citroën SM.

Wapenzi wa magari ya zamani hadi leo hulitaja gari hilo kwa heshima, na wana haki. Lilizinduliwa mwaka 1970 baada ya Citroën ya Ufaransa kuinunua Maserati ya Italia. Injini yake ni ya Maserati, silinda sita, lita 2.7. Halikutumia springi za kawaida bali mfumo wa mafuta yenye mgandamizo na gesi, na gari lilijiinua lenyewe baada ya kuwashwa. Taa zake za mbele zilifuata usukani kwenye kona. Lilikwenda kasi ya kilomita 220 kwa saa, na mwaka 1971 lilishinda mbio za Morocco. Kwa umbo na kwa ubunifu, magari machache ya wakati wake yalilifikia.

Lakini thamani ya gari hupimwa pale linapotumika. SM lilisumbua hata Paris kwenyewe. Injini ilimhitaji fundi wa Kiitaliano kwa mazoea, na mfumo wa mafuta ukamhitaji fundi wa Citroën, na mara nyingi hao hawakuwa mtu mmoja. Minyororo ya ndani ya injini isipokazwa kwa wakati iliharibu injini nzima. Mabomba ya mafuta yenye mgandamizo hayawezi kuzibwa na fundi wa kando ya barabara kwa waya na sabuni. Citroën yenyewe iliishiwa fedha mwaka 1974 ikaangukia mikononi mwa Peugeot, na SM likasimamishwa mwaka 1975 baada ya kutengenezwa magari yasiyofika 13,000.

Kwa hiyo katika mwaka uleule ambao Amin alijionyesha nalo Kampala, gari hilo lilikuwa limekwisha kufa kiwandani. Mwaka huohuo mbio za Safari nchini Kenya zilishindwa na Peugeot 504, ndugu yake yule aliyebeba abiria na magunia katika kila mji wa Afrika Mashariki. Kabla yake Peugeot 404 ilikuwa imeshinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Hayo hayakuwa magari ya kushangaza watu barabarani. Yalikuwa na springi ndefu, injini rahisi na spea zilizopatikana hata kwenye miji midogo. Mwenye Land Rover 109 naye aliweza kuifungua nusu kwa spana chache chini ya mwembe. Hapo ndipo lilipo jibu la gari bora kwa nchi zetu.

Kahawa ikageuka whisky

Mkulima wa kahawa atauliza fedha za magari hayo zilitoka wapi. Zilitoka shambani. Baridi kali iliua mikahawa mingi ya Brazil Julai 1975, na bei ya kahawa duniani ikapanda hadi kiwango cha ajabu mwaka 1976 na 1977. Uganda ilikuwa ikitegemea kahawa karibu peke yake kwa fedha za kigeni. Mkulima alipaswa kutajirika.

Hakutajirika. Bodi ya serikali ilimlipa kwa shilingi za Uganda zilizokuwa zikipoteza thamani kila mwezi. Ndege za mizigo zilikuwa zikitoka uwanja wa Stansted, Uingereza, zikileta Entebbe whisky na bidhaa nyingine za starehe kwa ajili ya maofisa wa jeshi, ili wabaki watiifu. Mkulima akajibu kwa njia yake. Alipeleka kahawa kwa magendo Kenya na Rwanda, au akang'oa mikahawa na kupanda chakula. Neno magendo likawa jina la uchumi mzima wa Uganda.

Mercedes nyeusi na buti la gari

Magari ya Amin yaliingia pia katika habari nyingine. Juni 1976, akitoka kwenye sherehe ya polisi kule Nsambya, alirushiwa mabomu ya mkono. Kwa maelezo ya wakati ule alikuwa ameamua kuendesha mwenyewe, na dereva wake akakaa pembeni. Dereva alikufa, Amin akapona.

Wiki chache baadaye, usiku wa kuamkia Julai 4, makomando wa Israel walitua Entebbe kuokoa abiria wa ndege ya Air France waliokuwa wametekwa. Walishuka na Mercedes waliyoipaka rangi nyeusi, wakifuatwa na Land Rover, ili walinzi wadhani ni msafara wa Rais. Walichokuwa hawakijua ni kwamba Amin alikuwa amebadilisha gari siku za karibuni, na sasa alitumia Mercedes nyeupe. Walinzi walishtuka kwa sababu walilijua gari la bwana wao, lakini walikuwa wamechelewa.

Kwa raia wa kawaida, hata hivyo, gari la serikali lilikuwa jambo la kutisha. Askari kanzu wa Amin waliwakamata watu mchana kweupe, wakawatia kwenye buti na kuondoka nao. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa kutoka Mahakama Kuu Septemba 1972, akatiwa kwenye gari, na hakurudi. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Oryema na Oboth Ofumbi, waliuawa. Serikali ikatangaza kuwa wamekufa kwa ajali ya gari. Hakuna aliyeamini. Inakadiriwa kuwa watu wengi sana, pengine mamia ya maelfu, walipoteza maisha katika miaka minane ya utawala wake.

Katika hali kama hiyo hakuna biashara. Mwenye pikapu nzuri aliificha, maana ofisa wa jeshi akiipenda ataichukua. Mwenye fedha hakununua mashine bali alificha dola. Mtu hapandi mti ambao matunda yake yatachumwa na mwingine mwenye bunduki.

Moto unavuka mpaka

Mkoa wetu, wakati ule ukiitwa Ziwa Magharibi, ulikuwa umekwisha kuonja hasira za Amin Septemba 1972, ndege zake zilipoudondoshea mji wa Bukoba mabomu baada ya wafuasi wa Obote kujaribu kuingia Uganda kutokea Tanzania.

Aprili 1978 ilitokea ajali nyingine ya gari. Makamu wa Rais, Jenerali Mustafa Adrisi, aliumia vibaya. Wafuasi wake jeshini walishuku kuwa ilipangwa. Amin akaanza kuwaondoa watu wa Adrisi, na mwezi Oktoba baadhi ya vikosi vikaasi. Wachambuzi wengi wanaona kuwa uvamizi wa Tanzania ulikuwa njia ya kuzima mgogoro ule kwa kulipeleka jeshi nje na kuliruhusu lipore.

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia kwa nguvu kaskazini mwa mto Kagera, naye akatangaza kuwa eneo lote hadi mtoni ni la Uganda. Daraja la Kyaka lililipuliwa Novemba 3. Raia waliuawa, wanawake walidhalilishwa, maelfu ya watu walikimbia kuelekea kusini. Kilichofuata kilikuwa uporaji wa kila kitu chenye thamani: ng'ombe, mabati, magari, matrekta na mitambo ya kiwanda cha sukari cha Kagera. Jeshi la nchi iliyoishiwa spea lilibeba hata mashine ambazo lisingeweza kuziendesha. Kiwanda hicho kilikuja kusimama vizuri tena miaka ya 2000, baada ya kubinafsishwa.

Tanzania haikuwa na magari ya kutosha ya kupeleka jeshi hadi mpakani. Malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalichukuliwa, na madereva wa kawaida wakaendesha hadi Bukoba, wengine hadi ndani ya Uganda. Wakulima walichangia ng'ombe na chakula. Magari yale hayakuwa na fahari yoyote, lakini yalifika. Kampala ilikombolewa Aprili 11, 1979. Askari wetu wengi waliokufa wamelala katika makaburi ya mashujaa Kaboya, hapa Muleba. Gharama ya vita inakadiriwa kufika dola za Marekani milioni 500, na kila mwenye duka aliyekaa na rafu tupu mwanzoni mwa miaka ya 1980 alilipa sehemu yake.

Mwisho wa dereva

Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, ambako alipewa nyumba na posho kwa sharti la kukaa kimya. Aliishi Jeddah kwa zaidi ya miaka 20, akionekana mara kwa mara akiendesha gari lake kwenda sokoni. Hakufikishwa mahakamani. Alikufa hospitalini Jeddah Agosti 16, 2003 kwa maradhi ya figo, akazikwa hukohuko.

Uganda ilichukua miaka mingi kurudisha ilichopoteza katika siku 90. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Rais Museveni iliwarudishia Waasia wengi mali zao. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, ilifufuliwa rasmi mwaka 2000. Leo mfanyabiashara wa Bukoba anavuka Mutukula kwenda kutafuta bidhaa Kampala, mji ambao baba yake aliuogopa.

La kuchukua

Kwa anayetaka kununua gari la kazi, maisha ya Amin yana maswali matatu. La kwanza, je, spea zake zipo Bukoba au Muleba, au zinasubiri ndege? La pili, je, yupo fundi aliyekwisha kulifungua gari la aina hiyo na kulirudisha likatembea? La tatu, ukitaka kuliuza baada ya miaka mitano, nani atalinunua? Gari linaloshindwa maswali hayo ni pambo, hata kama ni zuri kuliko yote mjini. Ndiyo maana Hilux iliyochakaa bado ina bei Ngenge, na gari la kifahari la mtumba lenye kompyuta nyingi huishia uani likifugiwa kuku.

Kwa mwenye biashara lipo la ziada. Duka si bidhaa zilizo kwenye rafu. Duka ni mtu anayejua bidhaa hizo zinatoka wapi na anayeaminiwa na aliyempa. Anayemfukuza jirani mwenye ujuzi ili arithi stoo yake atauza kwa miezi michache. Baada ya hapo atabaki na funguo za duka tupu, kama alivyobaki Amin na gari ambalo Uganda nzima haikuwa na fundi wa kulitengeneza.